Lugha Aliyoinena Mideva

Kati ya chumba changu na cha Mideva kuna bati moja tu, tena bati lililotobolewa na misumari ya wapangaji waliotutangulia. Akikoroga chai nasikia kijiko. Nikipiga chafya ananiombea afya akiwa kwake. Nayasema haya mapema kwa sababu hapa Kambi Muru, Kibera, kila mtu sasa anajifanya anazijua habari za Mideva, na wengi wao hawakumjua hata kwa jina mpaka ilipoanza kusemwa kwamba ananena kwa lugha. Mimi naitwa Rahab, nakaanga mandazi pale mlangoni mwa ploti, na sina muda wa kupamba maneno.

Mideva alikuja Nairobi kutoka Vihiga akiwa msichana, akafikia kwa binamu yake. Binamu akaolewa, mume hakutaka mgeni, Mideva akajikuta nje na begi lake. Aliyemfungulia mlango alikuwa Nasike, Mbukusu mshonaji wa sare za shule, ambaye alikuwa hamjui ila kwa kumwona kwenye foleni ya maji. Nasike alikuwa na binti mmoja, Mourine, na kitanda kimoja. Alimsogeza Mourine ukutani, akamwambia Mideva alale upande wa mlango. Waliishi hivyo mpaka Mideva alipopata hiki chumba kilichopakana na changu, hatua chache tu kutoka kwa Nasike, na hata hapo walikuwa wakipika katika sufuria moja. Ukitaka kumkasirisha Mideva, mseme Nasike vibaya. Hasira nyingine sikuwahi kuiona kwake.

Kazi yake ilikuwa kufua nguo. Asubuhi alitembea kwa miguu hadi Kawangware, kwa mama mmoja aitwaye Angeline, wa familia iliyokuwa na shamba pale kabla shamba halijawa maghorofa. Nisimsingizie Angeline, alikuwa mtu mzuri, hakumwanzisha kazi bila chai na mkate. Nguo zilifuliwa juu ya paa. Ghorofa iliyokuwa chini ya paa ilikuwa imekodishwa na kampuni ya kurekodi sauti, wamebandika magodoro ukutani ili kelele za barabarani zisiingie. Hazikuingia, lakini za ndani zilitoka kupitia kidirisha cha choo, na Mideva akawa anasikia watu wakirudia sentensi ambazo hakuzielewa. Naye akawa anazirudia huku anasuuza. Yule mwanamke ana sikio. Muuza omena Mjaluo akipita hapa, anamjibu Kijaluo, na fundi wa bomba akimtania kwa Kikuyu, anarudishiwa utani kwa Kikuyu.

Siku moja msimamizi wa kampuni ile, Kaloki, alipanda juu kuvuta hewa akamsikia. Alidhani ni mmoja wa wafanyakazi wake amejificha kwenye kamba za nguo. Alipoona ni mfuaji, alimwomba aseme tena, halafu tena, halafu akamshusha chini vilevile na povu mikononi. Wiki iliyofuata Mideva alikuwa na kazi mbili.

Kuhusu lugha yenyewe aliniambia baadaye, mambo yalipokuwa yameharibika. Huko ng'ambo kulikuwa na watu wanatengeneza mchezo wa kompyuta. Mchezo ulihusu dunia ya miaka elfu moja ijayo, bahari imepanda, miji imezama, na waliobaki wanaishi juu ya mapaa na kuzungumza Kiingereza kilicholika kama sabuni. Msomi mmoja alikaa chini akakipigia hesabu hicho Kiingereza: neno hili litakatika mkia, lile litaungana na jirani yake, sauti hii itapotea. Wakakiita Ingla. Niliposikia nilicheka. Mtu analipwa kuharibu Kiingereza, na sisi hapa tunakiharibu bure kila siku. Mideva hakucheka. Alisema Ingla haikuharibika, ina mpangilio wake, na ukikosea unajijua umekosea. Aliipenda, na alipenda vile Kaloki alivyovaa vidude vyake masikioni na kumwambia rudia, hapo ni pazuri, rudia. Alikuwa amefika umri ule bila mtu kumwambia arudie kitu kwa sababu ni kizuri.

Lakini kulikuwa na sharti. Wote waliowekwa kazini walitia sahihi kwamba mpaka mchezo utoke, hakuna kusema kazi ni gani wala lugha ni gani. Simu zenyewe ziliachwa mlangoni. Mideva ni mtu wa kuogopa karatasi iliyotiwa sahihi. Alifunga mdomo, hata kwa Nasike, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Sehemu aliyopewa ilikuwa ya mama mmoja wa huko mbeleni, yuko juu ya paa na mtoto wake, maji yanapanda, mtoto anasinzia kwa baridi. Mama anamwita asilale, kwa sababu akilala ndiyo basi. Sentensi yenyewe niliisikia mpaka nikaikariri: *Nosli, mabe, nosli, wora kamna.* Usilale, mwanangu, usilale, maji yanakuja. Kaloki alitaka isemwe kwa hasira, kwa kubembeleza, kwa kukata tamaa, kwa sauti ya mtu aliyeishiwa nguvu. Kwa hiyo jioni Mideva akifika nyumbani anafungulia redio ili watu wasisikie, anajifunika leso kichwani, anafanya mazoezi. Redio haikuficha kitu. Zamani kidogo, wakati wa ile mvua kubwa, mto wetu ulibeba vyumba vya upande wa chini, na Mideva alikuwa mmoja wa waliokuwa wakiita watu kwa majina gizani. Akisema *nosli*, ni kama yuko kule tena, anawaita. Alikuwa akilia kweli.

Sasa niambie, ploti nzima ya watu wa kanisa inasikia mwanamke mpole, amejifunga kwake, analia na kuita kwa maneno yasiyojulikana, akirudia, akipanda na kushuka. Watafikiri nini? Watafikiri anarekodi mchezo wa kompyuta? Wa kwanza kulisema alikuwa Gerishon, anayechunga kanisa la mabati nyuma ya choo cha kulipia. Alisimama nje ya mlango wa Mideva, kofia mkononi, mpaka sauti ilipokoma, na Jumapili akatangaza kwamba Roho ameitembelea ploti yetu.

Mideva alipoulizwa, alisema ile ni kazi tu. Heri angenyamaza. Walichukua neno hilo wakaenda nalo: eti kazi ya Bwana. Kadiri alivyokataa ndivyo walivyomwona mnyenyekevu. Mimi niliwaambia watu, jamani, mtu anayeneneshwa na Roho hasimami katikati kusema "hapana, hapo nimekosea" kisha akaanza upya. Nilijibiwa kwamba mimi najua unga wa mandazi tu.

Wakati huo Nasike alikuwa anaugua. Kikohozi kilianza kama cha vumbi la vitambaa, kikakataa kwenda, kliniki wakampima wakasema TB. Alipewa dawa za kunywa kila siku kwa miezi mingi, na Wangoi, mhudumu wa afya wa mtaa wetu, akawa anapita kumwangalia. Dawa zilimsumbua tumbo. Jioni moja, Mideva amempelekea uji, Nasike akamwomba amsemee yale maneno yake. Alisema yakimfikia kutoka chumbani kwa Mideva, kifua kinatulia.

Mngefanya nini nyinyi? Rafiki yako, aliyekusogezea mtoto wake ukutani ili ulale, anaomba umtulize. Mideva aliweka uji chini, akayasema polepole, kwa sauti ya kubembeleza. Nasike akapata usingizi. Kesho yake aliomba tena, na Mideva hakuona ubaya.

Baada ya wiki kadhaa Nasike akaanza kunenepa. Alirudi kwenye cherehani, akawa anaimba. Wangoi alifurahi, akasema dawa imemkubali. Gerishon naye alifurahi, na hakusema ni dawa. Jumapili hiyo Nasike alitoa ushuhuda, Mourine amesimama kando yake, msichana wa sekondari anayejua kusoma na kuandika, wote wawili wanalia kwa furaha. Kanisa likajaa mpaka watu wakasimama kwenye mtaro. Mideva alikuwa ameketi nyuma na uso kama wa mtu anayesikia harufu ya kitu kinaungua asijue ni jikoni kwa nani.

Alikijua kilichokuwa kinaungua siku alipoenda kuazima chumvi. Nasike alikuwa ameenda sokoni Makina kununua nyuzi. Mideva aliinua kopo la chumvi, na nyuma yake akakuta paketi za dawa, zimepangwa vizuri, hazijafunguliwa. Alikaa pale sakafuni mpaka Nasike aliporudi. Nasike hakuona haya. Alisema ameacha tangu alipopona, kwamba kunywa dawa baada ya kuponywa ni kumwambia Mungu hamwamini. Siku ambazo Wangoi anapita, yeye Nasike anaziweka chini ya ulimi, na mgeni akitoka anazitema; siku nyingine hazigusi kabisa.

Hata kuta za Nasike ni mabati, niliwasikia. Mideva alimsihi sana, lakini alikuwa akisihi kwa kuzunguka, kwa sababu ya sahihi yake. Alisema maneno yale si ya kuponya. Alisema ameyatoa mahali. Wapi? Hakusema. Kesho yake alienda Kawangware, hakupanda kufua, akaingia kwa Kaloki moja kwa moja na kumwomba ruhusa ya kumwambia mtu mmoja tu. Kaloki alimhurumia, lakini alikataa. Alisema jambo la Kibera likisemwa asubuhi, jioni liko kwenye simu za watu wote, na kampuni ikivunja ahadi, kila mtu aliye pale atarudi nyumbani. Alimwomba asubiri mchezo utoke. Mideva alimuuliza ni lini. Kaloki hakujua, pengine mwaka ujao.

Alitembea kurudi akiwa ameamua. Mimi nilimwona akiingia, hakunisalimia, na si kawaida yake.

Jumapili alisimama kabla ya sadaka. Nilikuwepo, mimi ambaye siendi kanisa lile ila kwa mazishi. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini kila mtu alinyamaza, walidhani Roho anakuja.

"Hii lugha mnasema ni ya Roho si ya Roho," alisema. "Kuna mtu aliitunga. Ni Kiingereza cha watu hawajazaliwa bado, ni ya mchezo wa kompyuta, na mimi hulipwa kuisema huko Kawangware. Yale maneno yanasema usilale, maji yanakuja. Ni hayo tu. Mama Mourine, tafadhali rudi kwa dawa."

Nikafikiri, haya, limekwisha. Gerishon alishuka kutoka jukwaani taratibu. Hakukasirika, na ningependa angekasirika. Alimshika Mideva bega, macho yamemjaa machozi, akawaambia watu wake, "Mnaona vile adui amemshika mtumishi ulimi? Tumwombee dadetu."

Wakamzunguka. Walimwekea mikono kichwani, mabegani, mgongoni, wakaomba kwa kelele mpaka mabati yakatetemeka, wakimsihi aiachilie ile lugha itoke. Mideva aliuma midomo yake, hakutoa sauti hata moja. Nilijaribu kupenya nikamvute, nikasukumwa. Na mkono mmoja kati ya ile mikono ulikuwa wa Nasike, amefumba macho, anamwombea kwa upendo wote.

Kaloki hakuwa amekosea. Kijana mmoja alikuwa amerekodi, video ikazunguka, na kabla ya Jumatano Mideva alikuwa ameitwa na kufukuzwa. Kaloki alimwambia sauti yake itabaki kwenye mchezo kwa sababu kazi ilikuwa imeshakamilika. Angeline alimwacha aendelee kufua, lakini Mideva alisema hawezi kusimama juu ya paa lile na kusikia wengine kule chini. Akatafuta nguo za kufua kwingine.

Alimrudia Nasike peke yake, akijua sasa hana tena la kupoteza. Alimweleza kila kitu, magodoro, vidude vya masikioni, msomi wa ng'ambo. Hakuwa na cha kumwonyesha, kwa sababu hakuna kilichotoka ndani ya chumba kile. Nasike alimsikiliza mpaka mwisho, huku anashona kola.

"Mimi sikatai walikulipa," alisema. "Lakini wewe ni chombo tu, Mideva. Chombo hakijui kimebebeshwa nini."

Mpaka leo nikilikumbuka jibu hilo nakasirika, kwa sababu halina mlango. Utamjibu nini mtu kama huyo? Mideva alimleta Wangoi, akaleta daktari wa kliniki aje aongee naye, mimi mwenyewe nilimtukana kwa ajili ya mtoto wake. Nasike alitucheka. Aliyeumia zaidi alikuwa Mourine, na hasira yake yote aliielekeza kwa Mideva. Alimwambia pale kwenye kamba za nguo, mbele yetu, kwamba tangu alipoacha kunena, mama ameanza kukohoa tena, na mama akifa ni yeye aliyemuua. Mideva aliokota ndoo yake akaingia ndani.

Nasike alikohoa damu mwezi wa mvua. Alipokubali kupelekwa hospitali alikuwa mwepesi kama nguo iliyokaushwa, Mideva alimbeba mwenyewe mgongoni kutoka kwenye ploti hadi barabarani, akakataa kusaidiwa. Daktari alisema ugonjwa umezizoea dawa za kwanza, wataanza nyingine kali zaidi. Zilianzwa, na safari hii Nasike alizinywa, labda kwa kuwa hakuwa na nguvu za kukataa. Zilikuwa zimechelewa.

Siku ile ya mwisho nilikuwa nimepeleka nguo za kubadilisha. Ilikuwa mchana, saa ya kuona wagonjwa. Mourine alikuwa miguuni mwa kitanda, Mideva kichwani, tumevaa barakoa sote. Nasike alifungua macho, akamtafuta Mideva, akamwomba amsemee. Ilikuwa sauti ya kuokota, lakini sote tulijua anaomba nini.

Mideva alikuwa ameapa hatayasema tena yale maneno. Aliinama, akamwambia kwa Kiswahili, "Usilale, dadangu. Usilale, maji yanakuja."

Nasike alitikisa kichwa kidogo. "Hayo sio yenyewe," alisema.

Mourine alimwangalia Mideva kwa macho ambayo sitayasahau. Mideva alishusha barakoa, akaweka mdomo karibu na sikio la rafiki yake, na akayasema. *Nosli, mabe. Nosli. Wora kamna.* Aliyarudia na kuyarudia, kwanza kwa kubembeleza, halafu kwa nguvu, mpaka nesi akatugeukia. Uso wa Nasike ulilainika. Alilala huku anayasikia, na hakuamka.

Tulimsafirisha kwao Bungoma. Gerishon alihubiri kaburini kwamba dada yetu alirudishiwa ile lugha saa ya mwisho ili imvushe, na watu wakasema amina. Mideva hakumkanusha. Alirudi Nairobi na Mourine, kwa sababu shule ilikuwa huku na hakukuwa na mwingine wa kumchukua. Walilala chumbani kwa Mideva kwenye kitanda kimoja, Mourine upande wa ukuta. Nilisikia kwamba hawaongei. Kijiko kinakoroga, mlango unafunguka, hakuna neno.

Mwaka uliofuata mchezo ulitoka. Vijana wa hapa waliupata kwenye simu kama wanavyopata kila kitu. Jioni moja kabla jua halijazama, Mourine alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wao, simu ya mwanafunzi mwenzake mkononi, mimi nafuta karai langu. Nikasikia sauti ya Mideva. Ilitoka kwenye kile kisimu, nyembamba, analia juu ya paa katika mvua ya uongo. Niliangalia dirishani kwao, nikamwona Mideva mwenyewe ndani, amesimama na kisu na kitunguu, hakati.

Chini ya picha kulikuwa kunapita maandishi ya Kiingereza cha leo. Mourine aliyasoma. Alirudisha nyuma, akayasoma tena. Kisha akaingia ndani, nami nikaingia kwangu; habari ya lile bati nilishaisema.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Hapa wameandika usilale. Vile tu ulisema kanisani. Hata mama ulimwambia hivyo hospitali. Na ulikuwa unajua hasikii maana yake."

"Huko studio ilikuwa kazi," Mideva alisema. "Hospitali nilikuwa namaanisha. Nilikuwa namwambia asilale."

Nilisikia mtu akilia, na kwa mara ya kwanza tangu niishi hapa sikujua ni nani kati yao. Baadaye Mourine alitoka nje, akamrudishia mwenzake simu, akaanza kuanua nguo kwa sababu matone yalikuwa yameanza.